Wageni wa Kazi: Habari za Waliokuja Kwetu na za Waliotoka Kwetu

Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huyacheka maneno haya, wakidhani kwamba ni maneno ya kumfukuza mtu kwa adabu. Lakini mwenye kuyafikiri sana ataona ya kuwa si maneno ya kufukuza, bali ni ya kukaribisha. Maana mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni siku zote. Hula, hushukuru, huondoka. Bali aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Ana shamba la kulima, ana jirani wa kumsalimu asubuhi, na akifa kuna watakaomlilia.

Katika mwaka huu wa yubilei ni desturi kukumbuka majengo, na miaka, na majina ya wakubwa. Hayo yameandikwa mahali pengine katika kitabu hiki. Hapa tunataka kukumbuka jambo moja tu, nalo ni kazi ya ugenini: mtu kuacha kwao na kwenda kutafuta au kupewa kazi katika nchi ya watu wengine, hasa kazi ya kufundisha na ya kuganga. Jambo hili linatuhusu sisi wa Nsemulwa kuliko tunavyodhani. Wenyeji wa kale wa nchi hii ni Wakonongo, na Wabende, na Wapimbwe, na jamaa zao. Lakini mji wa Mpanda umekuzwa na watu waliotoka pande zote. Tena siku hizi vijana wetu waliomaliza shule huwauliza walimu wao, "Je, ng'ambo kuna kazi?" Na wazazi huwauliza walimu hao hao, "Je, tuwaruhusu?" Mwalimu hujikuna kichwa. Basi tutazame kwanza mambo yaliyokwisha kutokea, tupate kujibu kwa akili.

I. Njia ya wapagazi

Zamani kabla ya reli, watu waliotoka pwani kwenda ziwa Tanganyika walishika njia ya Bagamoyo na Tabora, wakienda kwa miguu miezi mitatu na zaidi. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mtu ratili sitini au sabini, begani au kichwani. Na ujira wao ulikuwa nguo za merikani, na baadaye rupia. Tusisahau kwamba hao nao walikuwa watu wa kazi ya ugenini. Kabla Mzungu hajaandika mkataba wowote katika nchi hii, Mnyamwezi alikuwa amekwisha kujua habari ya kuacha mke na shamba, kwenda pwani, kupatana ujira, na kurudi kwao akiwa ameona mambo.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha mfalme Leopold, alijenga boma huko Karema, kando ya ziwa. Mwaka ule ule Mapadre Weupe, ambao msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, walifika Ujiji. Hata mwaka 1885 Wabelgiji wakaliacha boma la Karema, na Mapadre wakalipokea. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya bunduki ikawa nyumba ya shule na ya dawa. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa bado inaiharibu nchi. Ingawa soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, huku bara watu waliendelea kunyakuliwa. Watoto waliokombolewa walikusanywa misioni, nao walihitaji mtu wa kuwafundisha na mtu wa kuwaganga.

II. Mganga aliyetoka mto Niger

Mtu huyo alipatikana mbali sana. Jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Alipokuwa mtoto alinyakuliwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamlea na kumsomesha.

Kardinali Lavigerie, mwenye kuanzisha shirika hilo, alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba Bara la Afrika halitageuzwa na wageni wa Ulaya, bali na watu wa Afrika wenyewe. Na tena aliona kwamba mganga hupokelewa mahali ambapo mwalimu mtupu hapokelewi. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, vijana wa Kiafrika waliokombolewa wapate kujifunza uganga katika chuo kikuu cha huko, kisha watumwe kuwa waganga na makatekista. Aliwaagiza wawe na elimu ya Ulaya, lakini katika chakula, na mavazi, na nyumba, wabaki Waafrika, wasije wakatengana na watu watakaokaa nao. Atiman alikaa Malta mpaka mwaka 1888. Kisha akasafiri kuja huku, na mwaka 1889 akafika Karema.

Hapa tusimame kidogo. Twapenda kusema, "Mwafrika alikuja kuwasaidia Waafrika," kana kwamba alirudi nyumbani. Sivyo. Kutoka Timbuktu mpaka Karema ni safari kubwa kuliko kutoka Roma mpaka Timbuktu. Rangi yake ilikuwa ya watu wa Karema, lakini lugha yake haikuwa yao, wala mila yake, wala jamaa yake. Alipoingia kijijini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua mji wa baba yake. Alikuwa mgeni kwa wenyeji, na mbele ya Wazungu alikuwa mtoto waliyemkomboa na kumlea. Tena tusifiche neno hili: kazi yake hakuitafuta kama kijana wa leo atafutavyo kazi. Aliibwa, akakombolewa, akasomeshwa, akatumwa. Nusu ya kwanza ya maisha yake ilichaguliwa na watu wengine.

Lakini nusu ya pili aliichagua mwenyewe, na hiyo ndiyo inayomfanya akumbukwe. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Kwa ndoa hiyo alipata wakwe, na mashemeji, na mahali pa kuketi katika baraza. Mtu aliyekuwa hana ukoo akawa na ukoo. Mwanawe Joseph akawa padre. Na yeye Atiman akaganga, na kufundisha dini, na kuganga tena, muda wa miaka 67. Alifika kabla ya vita ya Majimaji. Alikuwapo Wadachi walipoondoka na Waingereza walipoingia. Nchi ilipokuwa inasogelea uhuru alikuwa bado yupo. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akafa Karema mwaka 1956, mzee wa miaka kama tisini. Hakurudi Tundurma. Karema ikawa kwake.

III. Mwalimu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin

Sasa tumtazame mtu mwingine, aliyekwenda upande wa pili. Katika siku zile ambazo Atiman alikuwa bado akisoma Malta, Wadachi waliotaka kuja kutawala nchi hii waliona kwamba hawawezi kutawala watu wasiojua lugha yao. Mwaka 1887 ilifunguliwa huko Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Mwalimu Mdachi alieleza sarufi. Lakini matamshi, na mazungumzo, na desturi, vilitakiwa vitoke kinywani mwa mtu aliyezaliwa nacho. Kwa hiyo watu wa kwetu waliajiriwa kwenda kufundisha Ulaya.

Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa elimu kutoka upande wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900. Maandishi yake ndiyo yaliyo shina la kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho wataalamu wakisoma hata leo wanapotaka kujua maisha ya pwani ya zamani.

Walimu wafikiri kidogo ugumu wa kazi hiyo. Mtu aliyenyonya Kiswahili kwa mama yake hajawahi kujiuliza kwa nini twasema kiti kizuri, lakini mti mzuri, na jiti zuri. Husema tu, kama anavyopumua. Mwanafunzi mgeni ndiye atakayeuliza, naye hataridhika akijibiwa kwamba ndivyo tusemavyo. Basi mwalimu wa lugha yake mwenyewe hana budi kujifunza upya kile alichokuwa akikijua, akitazame kwa macho ya mgeni. Kuijua lugha ni jambo moja. Kuifundisha ni jambo jingine. Jambo hili ni kweli kwa Kiswahili, na ni kweli kwa Kiingereza, na ni kweli kwa kila lugha iliyo chini ya jua.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kidachi. Mwaka 1905 alitaka kurudi kwao pamoja na mkewe. Walisafiri mpaka pwani yetu. Lakini serikali ya koloni ilikataa wasishuke pamoja katika nchi hii, maana haikutaka watu waone mwanamke wa Kizungu akiwa mke wa mtu mweusi. Pwani aliyozaliwa ikafungwa mbele ya macho yake, nao wakageuza wakarudi Ulaya. Baadaye, tangu mwaka 1909, alisaidia kufundisha Kiswahili huko Hamburg. Na mwaka 1927 akafa Berlin.

Linganisheni watu hawa wawili. Wote walikuwa na elimu. Wote waliajiriwa kwa sababu ya kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho. Wote walioa ugenini. Lakini ndoa ya mmoja ilimfungulia mlango, na ndoa ya mwingine ilimfungia mlango. Tofauti haikuwa katika bidii yao, wala katika akili yao. Ilikuwa katika wale waliowapokea. Mtemi wa Wabende alimpa mgeni binti yake. Serikali ya koloni ilitaka ulimi wa Mtoro, lakini haikutaka utu wake.

IV. Mpanda: risasi, reli, na wakimbizi

Turudi sasa nyumbani. Madini ya risasi yaligunduliwa katika nchi ya Mpanda mwaka 1934. Baada ya vita kuu ya pili mgodi ukafunguliwa, na kwa ajili yake tawi la reli likajengwa kutoka Kaliua, maili mia moja na thelathini hivi, likafika Mpanda mwaka 1950. Pamoja na reli wakaja watu: mafundi, makarani, wachimbaji, wachuuzi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kazi iliyowaleta watu ikafa, lakini mji haukufa, kwa sababu wako waliokuwa wamekwisha kupewa jembe.

Na wakati huo watu wengine walikuwa wakitoka, si kuingia. Mikoa ya magharibi na ya kusini ilipeleka wanaume wengi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliyeandikishwa alipewa namba yake, na kwa sababu hiyo watu wakawaita manamba. Neno lenyewe ni fundisho. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina, na ukoo, na sifa zake. Akafika kazini akawa namba. Wengine walirudi na sanduku na baiskeli. Wengine hawakurudi, na watoto wao wakakua hawajui kaburi la baba liko wapi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, shule za sekondari zilihitaji walimu, na wenyeji wenye digrii walikuwa wachache mno. Mwaka ule ule ulianza mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani na wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki, uliosimamiwa kwa upande wa Marekani na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Na wengi wao walipata mafunzo yao ya ualimu Makerere kabla ya kugawanywa mashuleni. Walikuwa vijana, na mkataba wao ulikuwa wa miaka miwili. Walifundisha Kiingereza, na hesabu, na historia, kwa watoto ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Yule aliyejitahidi kujifunza salamu za wanafunzi wake alifundisha vizuri kuliko yule aliyedhani kwamba lugha yake inatosha.

Kisha wakaja wageni wasiokuja kwa mkataba. Mwaka 1972 watu wa Burundi walikimbia mauaji katika nchi yao, na wengi wao wakapewa mahali Katumba, karibu na Mpanda. Na mwaka 1978 makazi ya Mishamo yakafunguliwa. Wao walipewa jembe kwa maana yake yenyewe: walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima, hata wakavuna na ziada ya kuuza. Baada ya miaka mingi, watu kama 162,000 miongoni mwa wale wa mwaka 1972 na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na tangu mwaka 2014 wakagawiwa hati zao. Jimbo letu la Mpanda, lililokatwa katika Jimbo la Sumbawanga mwaka 2000, limewalea watu hao pamoja na wenyeji.

V. Tumjibu nini kijana?

Sasa kijana wa Nsemulwa amesimama mbele ya mwalimu wake, anangoja jibu. Kutokana na habari hizi tunaweza kumwambia mambo manne.

La kwanza, aende na ujuzi uliokamilika. Atiman alisoma Malta miaka saba kabla ya kuja Karema. Anayekwenda ugenini hana shangazi wa kumtetea akikosea. Ujuzi wake ndio ukoo wake wa kwanza.

La pili, asidharau kile alicho nacho. Vijana wengi hufikiri kwamba kazi ya kufundisha lugha ng'ambo ni ya wenye Kiingereza peke yao. Lakini Kiswahili nacho kinatafutwa. Mwaka 2019 kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC. Na tangu mwaka 2021 siku ya 7 Julai imewekwa na UNESCO kuwa siku ya Kiswahili duniani. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, hufunza watu namna ya kuwafundisha wageni. Njia ya Mtoro imefunguliwa tena, na mwenye kuipita leo hana haja ya kukutana na mlango ule uliofungwa.

La tatu, ashike karatasi zake. Hapa kwetu mgeni hafanyi kazi bila ruhusa: kwa sheria ya mwaka 2015 hupata kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kwa Uhamiaji, na mwajiri wake hutakiwa kuonyesha kwamba hakumpata Mtanzania wa kazi hiyo, na kuandaa mtu wa nchi atakayemrithi. Nchi nyingine nazo zina sheria zao kama hizi. Kwa hiyo kijana asiondoke kwa ahadi ya mdomo. Asome mkataba, ajue mshahara wake, na jina la mwajiri wake, na nauli ya kurudi ni ya nani. Na hati yake ya kusafiria asimwachie mtu amwekee. Wezi wa watu hawakwisha pamoja na misafara. Siku hizi hawaji na minyororo, huja na ahadi tamu. Na ndiyo maana nchi yetu ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu mwaka 2008. Mtoto wa Tundurma hakuwa na wa kumwonya. Wetu wanao.

La nne si la kijana, ni letu sisi tunaobaki. Mwalimu mgeni akija katika shule yetu, au fundi, au mkimbizi, tutampokea kama mtemi wa Wabende, au kama wale waliosimama pwani mwaka 1905? Hatuwezi kuomba watoto wetu wapokewe vizuri Ulaya na Uarabuni, ilhali sisi wenyewe twamwita jirani yetu wa miaka hamsini kwa jina la kule alikotoka.

Huko Karema, mtu aliyeibwa akiwa mtoto alikaa miaka 67 akiwaponya wana wa watu ambao si ndugu zake, mpaka wakawa ndugu zake. Hakuna aliyemlazimisha kukaa muda huo wote. Walimpa jembe, naye akalima. Na tuwape wengine jembe, na watoto wetu wafike mahali watakapopewa.